Hodi Moja, Maombi Elfu Kumi

Haya ndiyo niliyoyazungumza mbele ya mkutano wa waandishi wa programu. Waliokosa wameniomba maandishi, nami nayaweka yote kama yalivyotoka kinywani, isipokuwa slaidi. Slaidi zilikuwa mishale mitupu ya kwenda na kurudi. Mishale hiyo nimeieleza kwa maneno.

Wenzangu, hamjambo? Hamjambo tena, maana wa nyuma hawajaitikia.

Nawashukuru waandaaji kwa kunipa nafasi ya mwisho kabla ya mapumziko. Najua maana yake, nitajitahidi.

Naanza na swali. Nani kati yenu amewahi kuandika lupu inayopitia orodha ndefu, na kwa kila kitu kilichomo inatuma ombi kwenye seva ileile? Inueni mikono. Naam, karibu ukumbi mzima. Bakini hivyohivyo. Sasa, nani anajua kwa hakika lupu yake ilifungua miunganisho mingapi? Mikono imeshuka. Ile michache iliyobaki naifahamu, ni ya watu wa mitandao, na hao hatuwahesabu.

Programu zetu zikichelewa tunailaumu lugha, tunailaumu seva, tunaulaumu mtandao. Mimi nasema mara nyingi mkosaji ni muunganisho usio na mwenyewe. Umefunguliwa mahali fulani ndani ya msimbo, hajulikani aliyeufungua, hajulikani atakayeufunga. Kwa hiyo leo nina swali moja, nami nitalirudia mpaka mnichoke: muunganisho huu ni wa nani?

Tuangalie kwanza yanayotokea kabla ombi halijatoka. Programu yako inataka taarifa kutoka seva iliyo mbali, kwa HTTPS, yaani mazungumzo ya wavuti yaliyofichwa. Inatafuta anwani kwa DNS, kitabu cha anwani cha mtandao. Hilo tuliache, kwa kuwa jibu lake mara nyingi limeshahifadhiwa karibu. Kisha inapiga hodi. Pakiti ya kwanza, yaani kifurushi kidogo cha data, inasema, "Hodi!" Seva inajibu, "Karibu, unanisikia?" Programu inajibu, "Nakusikia." Hiyo ndiyo TCP, kanuni ya kufungua njia kati ya mashine mbili, na mpaka hapo umekula mzunguko mzima wa kwenda na kurudi, na hujaomba kitu. Inafuata TLS: seva inaonyesha cheti, pande mbili zinakubaliana namna ya kuficha mazungumzo, funguo zinatengenezwa. Kwa TLS 1.2 hiyo ni mizunguko miwili mingine. TLS 1.3, iliyochapishwa Agosti 2018, imeipunguza hadi mmoja. Baada ya yote hayo ndipo ombi lako linapotoka, na lenyewe linadai mzunguko wake.

Mzunguko mmoja ni muda gani? Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000, kwenda ni milisekunde 50 na kurudi 50. Jumla 100, na hapo nimedhania waya umenyooka kutoka kwako hadi kwao, jambo ambalo halipo. Unaweza kununua kompyuta yenye nguvu maradufu. Unaweza kuongeza kumbukumbu. Unaweza kuandika upya programu nzima kwa lugha nyingine. Mwanga hautaongeza mwendo kwa ajili yako.

Basi tupige hesabu, na nikikosea mnisimamishe. Maombi 10,000 kwenda seva moja, mzunguko wa milisekunde 100, TLS 1.3, na tuseme seva inajibu papo hapo. Ukifungua muunganisho mpya kwa kila ombi, kila moja linakula mizunguko mitatu: TCP, TLS, na ombi lenyewe. Milisekunde 300 mara 10,000 ni sekunde 3,000. Dakika 50. Ukitumia muunganisho mmoja uliokwisha kufunguliwa, kila ombi ni mzunguko mmoja tu. Sekunde 1,000, yaani dakika 17 kasoro sekunde 20. Na je, ukiwa na miunganisho 20 iliyo wazi, yote inafanya kazi kwa pamoja, kila mmoja ukibeba maombi yake 500? Sekunde 50.

Dakika 50. Sekunde 50. Seva ni ileile, lugha ni ileile, kompyuta ni ileile.

Na hapo sijataja mzigo wa upande wa pili. Kila hodi mpya ya TLS kwa kawaida inaidai seva itie sahihi ya kidijitali, kazi inayokula kichakataji kuliko kulijibu ombi dogo lenyewe. Unapopiga hodi mara 10,000 hujichelewishi peke yako, unawachosha na wenyeji.

Jambo hili wala si geni. HTTP/1.0, toleo la awali la itifaki (kanuni za mazungumzo) ya wavuti, iliyoandikwa rasmi Mei 1996, kwa kawaida yake ilifunga muunganisho baada ya kila jibu. Ukurasa ukiwa na picha kumi, hodi zilikuwa kumi na moja. Watu wakaona upuuzi huo, na HTTP/1.1 ya Januari 1997 ikageuza kanuni: muunganisho unabaki wazi mpaka mmoja wa wanaozungumza aseme anaufunga. Kwa hiyo itifaki ililimaliza tatizo hili mwaka 1997. Sasa nauliza, kama lilimalizwa mwaka 1997, kwa nini bado tunaliandika kila wiki? Kwa sababu itifaki inakuruhusu kubaki ndani, haikulazimishi. Ukitoka mwenyewe na kupiga hodi upya, itakukaribisha upya, mara elfu kumi, kwa adabu ileile. Haitakuonya.

Tuingie kwenye msimbo. Wanaoandika Python wanaijua `requests.get`, amri ya kutuma ombi. Ni mstari mmoja, unasomeka vizuri, na mafunzo mengi ya wanaoanza huanzia hapo. Lakini ndani yake, kila unapouita, kinatengenezwa kikao kipya, ombi linatumwa, kikao kinafungwa. Kikao kikifungwa kinaondoka na muunganisho wake. Ukiandika `s = requests.Session()` juu ya lupu, kisha `s.get` ndani ya lupu, muunganisho unabaki. Tofauti ni mstari mmoja kupandishwa juu. Mmoja! Waandishi wa aiohttp, maktaba nyingine ya Python, wameonya kwenye maelezo ya maktaba yao kwamba usitengeneze kikao kwa kila ombi. Watu wa .NET wanalijua donda hili kwa jina la `HttpClient` iliyofungiwa ndani ya `using`, neno linaloifunga kila ikimaliza kazi. Lugha tofauti, donda moja.

Niwape kisa. Timu moja ninayoifahamu ilikuwa na fankisheni nadhifu kabisa. Inapokea namba ya mteja, inatengeneza klienti ya HTTP, yaani chombo cha kutuma maombi, inaleta taarifa, inafunga klienti, inarudisha jibu. Aliyeipitia aliisifu kwamba haiachi kitu wazi. Na kweli haikuacha. Siku ilipofikia kuitwa mara 600 kwa sekunde kwenye mashine moja ya Linux, ikawa inakwenda vizuri kwa muda usiofika dakika, kisha inamwaga makosa: `Cannot assign requested address`. Wakaizima, wakasubiri kidogo, wakaiwasha. Ikaenda vizuri, ikaanguka tena baada ya muda uleule. Wakaushuku ukuta wa usalama. Wakawaandikia wenye seva barua kali, na wenye seva wakajibu kwamba kwao kila kitu ni shwari.

Kilichokuwa kinawaangusha ni hiki. Kila muunganisho unaotoka unahitaji poti, yaani namba ya mlango, upande wako. Linux, kwa mpangilio wake wa kawaida, inatoa poti kuanzia 32768 hadi 60999. Hizo ni poti 28,232. Na anayefunga muunganisho kwanza harudishiwi poti yake hapohapo. Inashikiliwa sekunde 60 katika hali iitwayo TIME_WAIT, ili pakiti za zamani zilizochelewa njiani zisije zikaingia kwenye mazungumzo mapya. Sasa gawanyeni. 28,232 kwa 600 ni sekunde 47. Ndiyo maana ilikuwa inaanguka baada ya muda uleule! Na gawanyeni tena, 28,232 kwa 60: takriban 470. Hapo ndipo mwisho wako, miunganisho mipya 470 kwa sekunde kwenda anwani moja na poti moja, hata mashine yako iwe kubwa namna gani.

Muunganisho ule ulikuwa wa nani? Ulikuwa wa fankisheni, na fankisheni iliishi sehemu ndogo ya sekunde. Mmiliki anayekufa mapema hivyo hawezi kutunza mali.

Walichofanya ni kuitengeneza klienti mara moja programu inapoanza, kuikabidhi kwa kila fankisheni inayoihitaji, na kuifunga programu inapokwisha. Wengine huiweka kama kigezo cha jumla kinachoonekana kila mahali. Itafanya kazi, lakini mimi napenda ikabidhiwe mkononi, fankisheni iipokee kama inavyopokea namba ya mteja. Msomaji akiangalia mstari wa kwanza anajua kwamba fankisheni hii inaazima, haimiliki. Imeazima, basi haina ruhusa ya kufunga. Hilo peke yake limeniokolea ubishi mwingi wakati wa kupitia msimbo wa wenzangu.

Kuna faida nyingine ya kubaki ndani, nayo haisemwi sana. Muunganisho uliokaa una kasi kuliko ulioanza sasa hivi. Mnashangaa? Turudi Oktoba 1986. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani yake, sehemu mbili zilizotenganishwa na yadi 400, mwendo wa data uliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Arobaini! Mtu angetembea na karatasi mkononi akafika kwanza. Mashine zilikuwa zinatuma bila kipimo, pakiti zinapotea, mashine zinatuma tena zilezile, msongamano unazidi, zinapotea nyingi zaidi. Van Jacobson na Michael Karels wakalichunguza, na mwaka 1988 likatoka pendekezo ambalo TCP inaliishi mpaka leo: anza polepole, ongeza kadiri unavyothibitishiwa kwamba vinafika.

Kwa mpangilio uliopendekezwa mwaka 2013, muunganisho mpya unaanza na vipande 10, takriban baiti 14,600. Vikifika salama vinakuwa 20, kisha 40. Jibu la kilobaiti 100 juu ya muunganisho mpya linahitaji mizunguko mitatu ili kumalizika. Juu ya muunganisho uliokwisha kupata kasi, mmoja. Kwa hiyo anayefunga baada ya kila ombi anarudi mwanzo kila mara. Hajui kamwe kasi halisi ya njia yake. Niongeze dogo kwa wanaopenda undani: Linux huisahau kasi hiyo muunganisho ukikaa kimya, isipokuwa ukizima `tcp_slow_start_after_idle`. Hodi umeokoa, kasi unaijenga upya.

Naona mtu pale mbele anatabasamu. Najua anawaza nini. Anawaza, kama 20 imetoa sekunde 50, nikifungua 1,000 je?

Taratibu. Idadi haipatikani kwa kubahatisha, wala kwa tamaa. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni fupi: idadi ya vilivyomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila kimoja kinakaa humo. Unataka maombi 200 kwa sekunde, na kila moja linachukua sehemu moja ya kumi ya sekunde? 200 mara 0.1. Miunganisho 20 inatosha, ya 21 itakaa bure. Seva ikilemewa na kila ombi likachukua nusu sekunde, unahitaji 100 kwa kasi ileile. Lakini hapo jiulize, je, unayoongeza inakusaidia, au ndiyo inayoilemea seva?

Kijana mmoja alinionyesha msimbo wake wa httpx, maktaba nyingine ya Python, akiwa amekata tamaa. Alikuwa amefanya vizuri: klienti moja, imetengenezwa juu, inashirikiwa na wote. Kisha akaandika `asyncio.gather` juu ya kazi 10,000 kwa mpigo. Programu ilianza kwa mbio, baada ya sekunde chache ikajaa `PoolTimeout`. Yeye akaamini seva inamkataa. Seva haikuwa na habari. Klienti ile ina kikomo cha kawaida cha miunganisho 100, na ombi lisilopata muunganisho linasubiri sekunde 5 tu, kisha linakufa. Maelfu ya maombi yake yalikufa foleni, ndani ya kompyuta yake, bila kutoka mlangoni. Kuongeza muda wa kusubiri kungeficha dalili. Alichohitaji ni wafanyakazi wachache, tuseme 50, kila mmoja anachukua kazi moja kutoka kwenye foleni, anaimaliza, anachukua nyingine. Kazi inayosubiri kwenye orodha haina saa inayoihesabia. Inayosubiri ndani ya klienti inayo.

Upande wa lugha ya Go kuna mtego wa namna yake. Unaanzisha nyuzi 50 nyepesi, yaani kazi zinazokwenda sambamba, kwa seva moja, unatumia klienti ya kawaida, moja, inashirikiwa, kila kitu kama kitabu kinavyosema. Ukichungulia unakuta miunganisho bado inafunguliwa na kufungwa mfululizo. Kwa nini? Kwa sababu `MaxIdleConnsPerHost`, idadi ya miunganisho ya akiba kwa seva moja, usipoigusa, ni 2. Nyuzi 50 zikimaliza pamoja, miunganisho miwili inawekwa akiba na 48 inatupwa. Ukipanga kufanya kazi na 50, pandisha namba hiyo ifike 50. Ni mstari mmoja, nao unasahaulika kuliko yote.

Na seva ikikujibu 429, yaani umezidisha maombi, isikilize. Mara nyingi jibu hilo huja na `Retry-After` inayokueleza usubiri kwa muda gani. Subiri muda huo, ongeza na kiasi kidogo cha bahati nasibu, ili wafanyakazi wako 50 wasiamke wote kwa sekunde moja na kulianzisha upya.

Sasa mazoea ambayo yanaonekana madogo. Unatuma ombi, unaangalia namba ya jibu, ni 404, yaani hakipatikani, unaendelea na safari bila kuusoma mwili wa jibu. Ulichotaka umekipata, si ndiyo? Lakini baiti za jibu hilo bado ziko ndani ya muunganisho. Kwenye HTTP/1.1 jibu linalofuata liko nyuma yake, na hakuna anayeweza kulifikia mpaka la kwanza liondolewe. Klienti yako haina la kufanya ila kuufunga muunganisho, au, mbaya zaidi, kuuacha unaning'inia umeshikiliwa. Kwenye Go ni lazima usome mwili mpaka mwisho na uufunge. Kwenye requests ukitumia `stream=True`, inayochelewesha kusoma mwili, hali ni hiyohiyo. Majibu ya makosa ndiyo yanayosahaulika zaidi, na ndiyo yanayokuja kwa wingi siku mambo yanapoharibika. Basi siku ile ile seva inapolemewa, msimbo wako unaacha kutumia tena miunganisho iliyopo na kuanza kuipigia seva hodi mpya. Mnaona ubaya wake?

Nimesifu sana kubaki ndani. Haki inanidai niseme pia kwamba muunganisho hauishi milele, na mwenyewe ndiye anayepaswa kujua utakufa lini.

Seva huchoka kusubiri. Programu ya seva iitwayo Apache, kwa kawaida yake, inafunga muunganisho uliokaa kimya sekunde 5. Nginx, nyingine kama hiyo, husubiri 75. Klienti ya kawaida ya Go hutunza muunganisho wa akiba kwa sekunde 90. Umeona pengo? Kati ya 75 na 90, klienti inaamini ina muunganisho mzima kumbe upande wa pili umeshaondoka au unaondoka. Mara nyingi taarifa ya kufunga inafika mapema na hakuna linaloharibika. Lakini kuna siku ombi lako linatoka wakati uleule taarifa ya kufunga iko njiani, zinapishana, nawe unapata kosa la `connection reset`, yaani muunganisho umekatwa. Makosa ya namna hii huja machache, yametawanyika, hayajirudii ukiyatafuta, na watu huyaita "matatizo ya mtandao" kwa miaka. Klienti iachie kabla ya seva. Ukijua seva inasubiri 75, weka 60.

Na ombi lililokumbwa na hilo, lirudiwe? Hapo simama. GET, ombi la kusoma tu, irudie bila wasiwasi. Kuuliza mara mbili hakubadilishi kitu. PUT ya kuweka na DELETE ya kufuta vilevile, kwa maana yake ya kiitifaki. POST, ombi la kutuma jambo jipya, ni habari nyingine. Kama POST hiyo ni agizo la malipo, muunganisho ukikatika hujui kama ulikatika kabla agizo halijafika au baada ya kutekelezwa. Ukirudia kwa pupa, mtu analipa mara mbili. Seva nyingi za malipo hukubali ufunguo wa kipekee unaotumwa pamoja na agizo, ili agizo likija mara ya pili litambuliwe kuwa ni lilelile. Kama upo, utumie. Kama haupo, mwulize binadamu.

Kifo cha pili ni cha uzee. DNS huulizwa muunganisho unapofunguliwa, na haiulizwi tena ukishafunguliwa. Wenye seva wakihamia anwani mpya, muunganisho wako wa tangu asubuhi unaendelea kuzungumza na mashine ya zamani ilimradi bado inajibu. Ndiyo sababu .NET ina `PooledConnectionLifetime`: dakika kadhaa, kisha muunganisho unastaafishwa hata kama ni mzima. Mwenye mali anaweka umri wa mali yake.

Nikimalizia, mtaniuliza, HTTP/2 haijamaliza yote haya? Imepunguza mengi. Tangu Mei 2015 tunaweza kupitisha maombi mengi kwa wakati mmoja juu ya muunganisho mmoja, kila moja kwenye mkondo wake, na kiwango chenyewe kinapendekeza seva isiruhusu chini ya mikondo 100. Miunganisho 20 ya mfano wangu inakuwa mmoja. Lakini hakikisheni mnaitumia kweli: requests ya Python haiizungumzi kabisa, httpx mpaka uiombe, Go inaizungumza yenyewe kwenye HTTPS. Na kwa kuwa chini yake bado kuna TCP moja, pakiti moja ikipotea mikondo yote inasimama kuisubiri. Hilo ndilo lililoleta HTTP/3 ya Juni 2022, inayopita juu ya QUIC badala ya TCP. Tahadhari moja tu. Agosti 2023 wavamizi waligundua kwamba wanaweza kufungua mkondo na kuukatiza hapohapo, tena na tena, bila kufikia kikomo, na Google ikapokea shambulio lililofika maombi milioni 398 kwa sekunde. Tangu hapo seva nyingi zinawahesabia watu wanaokatiza ovyo. Kama programu yako ina mazoea ya kutuma maombi na kuyafuta kabla hayajajibiwa, usishangae muunganisho ukifungwa usoni.

Swali la kwanza nililowauliza bado mnanidai. Lupu yako ilifungua miunganisho mingapi? Ukirudi mezani, fungua programu yako ifanye kazi, na kwenye dirisha la pili andika `ss -tan state time-wait | wc -l`, inayohesabu miunganisho iliyo katika TIME_WAIT. Subiri kidogo, andika tena. Namba ikipanda kadiri maombi yanavyopanda, kuna mahali muunganisho hauna mwenyewe. Kisha chukua anwani mbili za seva yako, uzipe curl, programu ya kutuma maombi, kwa amri moja yenye `-v`. Baada ya jibu la kwanza itakwambia muunganisho umeachwa mzima, na kabla ya ombi la pili itaandika kwamba inautumia uliopo. Ikifungua mpya badala yake, seva ndiyo inayokufukuza, na hapo barua kali kwa wenye seva itakuwa na haki yake.

Nimebakiza dakika chache. Maswali, karibuni, aanze yule wa nyuma ambaye hakuitikia salamu.